Tangi dogo la maji ya chumvi: uchote baharini au uchanganye nyumbani?

Tangi la lita 60 sebuleni Mikocheni au Nyali liko dakika chache tu kutoka Bahari ya Hindi. Kwa hiyo swali huja lenyewe: kwa nini ununue ndoo ya chumvi iliyosafirishwa kutoka ng'ambo, ilhali bahari ipo na haidai senti? Jibu hutegemea unafika wapi na dumu lako, unaweza kwenda mara ngapi, na unataka kufuga nini. Samaki wawili watatu wenye uvumilivu watapita katika mengi. Kamba, konokono na matumbawe hawana subira hiyo.

Hapa tunaweka njia mbili ubavu kwa ubavu: maji yaliyochotwa baharini, na maji matamu yaliyochanganywa na chumvi maalumu ya akwariamu. Aliye Nairobi, Arusha, Dodoma au Kampala hana sababu ya kusoma ile sehemu ya ufukweni. Kwake imebaki kazi ya kutafuta maji matamu yaliyo safi, na ndiyo kazi ngumu kuliko inavyoonekana.

Kwanza, maji ya kuongezea

Jambo hili huwaponyoka hata walio karibu na bahari. Maji ya tangi hupungua kwa mvuke, na mvuke hauondoki na chumvi. Tangi la lita 60 lisilo na kifuniko, katika joto la pwani na feni ikipuliza juu yake, linaweza kupungua karibu lita moja kwa siku. Pengo hilo hujazwa maji matamu, kamwe si ya bahari. Ukijazia ya bahari unaongeza gramu 35 za chumvi kila siku. Baada ya wiki moja zimefika gramu 245, yaani zaidi ya gramu 4 kwa kila lita, na tangi lililokuwa 35 limefika 39.

Maana yake ni kwamba anayechota baharini naye anahitaji maji matamu safi, kila siku, mwaka mzima. Na usafi wake si suala dogo. Chukua maji ya bomba au kisima yenye miligramu 500 za vitu vilivyoyeyuka kwa lita. Lita moja kwa siku huleta nusu gramu. Kwa mwaka ni kama gramu 180 za chokaa, nitreti, silika na vinginevyo, vyote vimebaki ndani ya lita 60. Kubadilisha maji kila wiki hupunguza mrundikano huo lakini hakuumalizi. Ndiyo sababu tunashauri upate kwanza chanzo cha maji matamu, halafu ndipo uamue kuhusu chumvi.

Maji ya bahari yenyewe

Faida yake haibishaniwi. Bahari ya wazi ina gramu 35 za chumvi kwa kilo ya maji, magnesi karibu miligramu 1,290 na kalsiamu karibu 410 kwa lita, na madini mengine yote kwa uwiano ambao viumbe wenyewe wamezaliwa nao. Hakuna kupima gramu, hakuna kusubiri chumvi iyeyuke.

Shida ni kwamba maji ya ukingoni si maji ya bahari ya wazi. Dar es Salaam, epuka kabisa eneo la mdomo wa mto Msimbazi karibu na daraja la Selander, epuka bandarini na kila mahali penye mfereji wa maji taka. Upande wa Kigamboni unaotazama bahari kuu ni bora zaidi. Mombasa, usichote ndani ya mikono ya Tudor na Kilindini. Malindi, mto Sabaki ukiwa umejaa huigeuza bahari kuwa kahawia, na siku hizo mtu hana haja ya kipimo kujua. Zanzibar, mbele ya bandari hapafai. Upande wa mashariki wa Unguja maji ni safi, lakini yakipwa yanabaki madimbwi ya kina kifupi yaliyochemshwa na jua, na chumvi yake imepanda.

Wakati una uzito sawa na mahali. Chota saa ya mwisho ya maji kujaa, kwa sababu yanayoingia wakati huo yanatoka nje; yanayotoka wakati wa kupwa yamebeba taka za ufukwe na mikoko. Mvua kubwa ikinyesha, subiri siku tano hadi saba. Katikati ya masika ni busara kutochota kabisa, na hapo ndipo akiba ya nyumbani inapokuokoa. Upepo wa kusi ukikoroga mchanga, mpe pesa kidogo mvuvi anayetoka nje ya mwamba akujazie madumu huko. Ukienda kwa boti hadi Mbudya au Bongoyo, rudi na maji tu: visiwa hivyo vimo ndani ya hifadhi ya bahari, na jiwe au tumbawe haliokotwi.

Dumu liwe la plastiki ya chakula na lisiwe na historia. Lililowahi kubeba petroli au sabuni halisafishiki, na hata la mafuta ya kula huacha utando unaoonekana juu ya maji ya tangi siku ya pili. Lizamishe likiwa limefungwa, kina cha nusu mita hivi, ulifungulie huko chini, ulifunge kabla ya kulitoa. Juu kabisa ndipo panapoelea mafuta ya boti na losheni za waogaji. Dumu la lita 20 likijaa lina uzito unaozidi kilo 20, kwa hiyo hesabu mgongo wako pia.

Nyumbani, yaache usiku mmoja yatulie, kisha nyonya kwa mpira ya juu tu na uyapitishe kwenye mfuko wa kuchujia wa mikroni 5. Kitambaa cha kanga huzuia mchanga na majani, lakini viumbe wadogo hupita. Viumbe hao ndio kiini cha tatizo. Wakifa ndani ya dumu lililofungwa, kuoza kwao hula hewa yote na maji huanza kunuka yai viza. Wakiwa hai, huenda pamoja nao wakaja vimelea vya ugonjwa wa madoadoa meupe.

Kuna njia mbili za kulimaliza hilo. Ya polepole ni kuyaweka gizani, kwenye pipa lenye kifuniko, pampu ya hewa ikifanya kazi muda wote, kwa wiki mbili au zaidi, kisha kuchuja tena na kuacha tope la chini. Ya haraka ni klorini. Tumia ile ya kufulia nguo isiyo na manukato wala sabuni: yenye nguvu ya asilimia 3.5, weka mililita 6 kwenye lita 20, na utapata takriban miligramu 10 za klorini kwa lita. Koroga, acha saa 24 bila kufunga sana. Kisha ondoa klorini kwa sodiamu thiosalfeti, gramu 1.4 kwa hizo lita 20, na puliza hewa usiku mzima. Kabla ya kuyamimina, pima kwa vidonge au matone ya kupimia maji ya bwawa la kuogelea. Kipimo kisome sifuri. Rangi ikitokea hata kidogo, ongeza thiosalfeti na usubiri tena.

Mwisho ni kupima chumvi ya kila dumu. Likisoma 32, lita 20 zinahitaji gramu 60 hadi 65 za chumvi ya akwariamu kufika 35. Likisoma 37, ongeza lita moja na kidogo ya maji matamu.

Klorini huua viumbe, lakini haiondoi shaba, mafuta, dawa za mashamba wala mbolea. Maji ya mahali pabaya hubaki mabaya.

Maji ya kuchanganya

Tumalize kwanza suala la chumvi ya jikoni, maana huulizwa kila mara. Chumvi ya mezani ni kloridi ya sodiamu pamoja na ayodini na dawa ya kuzuia isigande. Haina kalsiamu wala magnesi ya maana. Na chumvi ya mawe ya mashamba ya pwani, ile ya Bagamoyo au Gongoni, imetoka baharini kweli, kwa nini isifae? Kwa sababu ya namna inavyopatikana. Maji yanapokauka chumvini, chokaa hutangulia kuganda, hufuata jasi, kisha ndiyo chumvi nyeupe. Maji machungu yanayobaki, yenye magnesi na potasiamu, humwagwa. Kinachoingia gunia ni sehemu tu ya bahari, na huwezi kuirudisha bahari nzima kwa kuiyeyusha. Chumvi za Uvinza na Katwe ziko mbali zaidi na bahari, na maji ya maziwa ya magadi yana alkali inayomuua samaki wa baharini.

Kwa hiyo ni chumvi ya akwariamu, inayouzwa kwa ndoo au mfuko. Kiasi chake si kikubwa kama watu wanavyohofia. Tangi la lita 60 linahitaji kilo 2 na kidogo kuanzia. Ukibadilisha lita 6 kila wiki, mwaka mzima ni kama kilo 11. Ndoo ya kilo 20 inatosha zaidi ya mwaka, kama pwani haitakuharibia. Hewa ya pwani ina unyevu, na chumvi hii huvuta maji: mfuko ukiachwa wazi hugeuka jiwe, na kipande kilichoganda hivyo mara nyingi huacha vumbi jeupe lisiloyeyuka. Hamishia ndoo yenye mfuniko wa kubana. Pia ibiringishe sakafuni kabla ya kuchota, kwani chembe ndogo hushuka chini, na vijiko vya juu havilingani na vya chini.

Kwa lita 20:

1. Weka maji matamu kwenye ndoo ya plastiki, joto lake liwe nyuzi 25 au 26, na uwashe pampu ndogo ya kuzungusha maji.
2. Pima gramu 700 kwa mizani ya jikoni. Mimina polepole, chumvi ikiingia kwenye maji. Usianze na chumvi ukaimwagia maji: hapo chini huwa kali mno, kalsiamu na kaboneti hushikana, na maji huwa meupe kama maziwa. Yakishakuwa hivyo, yamwage.
3. Acha pampu izunguke kwa muda ulioandikwa kwenye ndoo. Kama hakuna maelekezo, saa 12 hadi 24.
4. Pima. Ongeza gramu 20 za chumvi kwa kila alama moja ya chumvi inayopungua chini ya 35. Aina nyingi hufika 35 kwa gramu 36 hadi 38 kwa lita.

Usichanganyie ndani ya tangi lenye viumbe. Na chombo cha kupimia chumvi kiwe refraktomita, inayosoma kwa jinsi mwanga unavyopinda ndani ya maji. Ile hidromita ya mshale hudanganywa na kiputo kimoja tu cha hewa kilichonasa kwenye mshale. Refraktomita nayo irekebishwe kwa maji ya chumvi inayojulikana, si kwa maji matupu pekee. Hapa chumvi ya mezani inapata kazi yake: gramu 3.65 ndani ya gramu 96.35 za maji safi husoma 35 kwenye refraktomita. Rekebisha skrubu hadi isome hivyo.

Na hayo maji matamu yatoke wapi?

*Bomba.* Klorini huondoka kwa dawa ya kuondolea klorini, au kwa kupuliza hewa saa 24. Kama mamlaka ya maji hutumia kloramini, yaani klorini iliyoungana na amonia, hewa haitoshi, na dawa ikiivunja hubaki amonia. Hata bila klorini, nitreti na silika zipo palepale, na dalili yake ni utando wa kahawia unaotanda kwenye mchanga na kioo kila ukiufuta. Kwa tangi la samaki tu, bomba lenye TDS (jumla ya vitu vilivyoyeyuka, kwa miligramu kwa lita) ya chini linaweza kuvumilika. Kwa matumbawe, hapana.

*Kisima.* Visima vingi vya Dar vina chumvichumvi, na penye vyoo vya shimo jirani nitreti huwa juu. Arusha na Bonde la Ufa kuna floridi, na maji ya maeneo ya volkano huwa na silika nyingi. Kisima ni cha kulishia chujio, si cha kumimina tangini moja kwa moja.

*Mvua.* Ni maji mazuri yaliyoharibiwa na paa. Mabati hutoa zinki, na zinki ni sumu kwa kamba na konokono. Kinga kwa turubai safi la plastiki lililotandazwa uwanjani, baada ya mvua ya kwanza kuosha hewa. Lita 100 zilizofunikwa vizuri ni akiba ya kuongezea ya miezi mitatu.

*Maji ya AC.* Yanashawishi sana, maana yanadondoka bure na kipimo cha TDS husoma namba ndogo. Lakini yamepita juu ya koili ya shaba na alumini. Kiasi cha shaba kinachoua kamba ni kidogo mno, TDS haikioni. Yamwagilie maua.

*Maji ya dukani.* Ya kunywa ya chupa mara nyingi yamerudishiwa madini. Duka la kujaza maji lenye mtambo wa RO, unaosukuma maji kwenye utando unaozuia chumvi, ni jambo jingine: nenda na kipimo chako cha TDS, na kikisoma chini ya 10 umepata chanzo bora kwa tangi dogo bila kununua mtambo. Rudia kupima kila unapoenda, kwa sababu utando wa mtambo wao ukichoka hakuna atakayekupigia simu. Maji ya betri yaliyosafishwa yanafaa pia, ila soma lebo mara mbili: duka hilohilo la spea huuza asidi ya betri kwenye chupa inayofanana.

*RO ya nyumbani.* Hatua zake ni chujio la mchanga la mikroni 5, mkaa, kisha utando. Kwa matumbawe, ongeza resini ya kuondoa ioni mwishoni. Utando mzuri hukata asilimia 95 hadi 98, hivyo maji ya 500 hutoka na kama 20, na resini huyashusha hadi sifuri. Mkaa usirukwe: klorini hula utando.

Kinachowaangusha watu hapa kwetu ni presha. Utando unataka baa 3 hadi 4, na kila mita 10 za kimo hutoa baa moja tu. Simtanki lililo mita 5 juu ya koki lina nusu baa; maji yatatiririka kwenye bomba la taka na safi yatadondoka kwa matone, tena yenye TDS ya juu. Nunua pampu ya kuongeza presha pamoja na mtambo, usisubiri kulalamika. Kila lita safi huacha lita tatu hadi nne za taka, ambazo zinafaa kudekia na kumwagia choo. Lita ya kwanza kila unapowasha imwage, kwa kuwa chumvi hupenya utando ukiwa umelala. Na kama tayari una mtambo wa RO wa maji ya kunywa jikoni, angalia kama una katriji ya kurudisha madini, kisha chota kabla ya hapo. Silika ndiyo hutangulia kupenya resini inayochoka, na TDS haiioni vizuri. Utando wa kahawia ukirudi tangini, badilisha resini hata kama kipimo kinasoma 1.

Zikiwekwa pamoja

| | Bahari | Kuchanganya |
|---|---|---|
| Gharama ya mwanzo | Madumu, pampu ya hewa, mfuko wa mikroni 5 | Chumvi, mizani, na RO kama hakuna duka la kujaza |
| Gharama ya kila mwezi | Usafiri | Chumvi kama kilo moja |
| Kufanana kwa maji kila mara | Hutegemea mvua, maji kujaa na kupwa, na mahali | Ni yaleyale ukipima vizuri |
| Hatari kubwa | Uchafuzi usioonekana, vimelea | Kukosea kipimo, chumvi iliyoganda |
| Katikati ya masika | Kazi husimama | Haijali |

Refraktomita haimo kwenye jedwali kwa kuwa pande zote zinaihitaji.

Kwa tangi la chini ya lita 100, tunaegemea upande wa kuchanganya, hata kwa anayeishi pwani. Tangi dogo halina nafasi ya kosa: dumu moja bovu la lita 20 ni theluthi ya maji yote ya lita 60, na akiba ya kilo moja ya chumvi kwa mwezi hailipi kamba waliokufa. Bahari inashinda pale ambapo una njia ya uhakika ya kupata maji ya nje ya mwamba, tuseme ndugu mvuvi, una nafasi ya pipa la lita 200 gizani, na unafuga samaki zaidi kuliko matumbawe. Inashinda pia kwa tangi kubwa, ambako chumvi ya ndoo huanza kuuma mfukoni.

Kuna wanaochanganya njia zote mbili: bahari wakati wa kaskazi maji yakiwa maangavu na matulivu, chumvi ya ndoo wakati wa masika. Inawezekana, ila angalia alkaliniti, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, unaopimwa kwa dKH. Maji ya bahari huwa na dKH 6.5 hadi 7, na chumvi nyingi za kufugia matumbawe hutoka na 8 hadi 12. Ukibadilisha theluthi ya tangi kutoka moja kwenda nyingine kwa siku moja, ncha za matumbawe huanza kuungua na kuwa nyeupe. Badilisha asilimia 10 kwa wiki, kwa wiki nne au tano, na upime alkaliniti kabla ya kila mara. Tofauti ya joto isizidi nyuzi moja, na ya chumvi isizidi gramu moja kwa lita.